Nilipeleka Choo cha Rafiki Yangu Maabara, Sasa Naogopa Kumtazama Usoni

Mpendwa Anti Tausi,

Nisaidie kabla sijafanya ubaya mwingine, maana huu niliofanya tayari umenishinda kubeba. Ukiiweka barua hii gazetini tafadhali usitaje jina langu, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Kamenu, nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha makadamia hapa Thika, upande wa kuchambua, tunasimama pande mbili za mkanda njugu zikipita na sisi tunatoa zilizooza na vipande vya maganda, na huyo rafiki yangu ninayetaka kukuambia habari zake anasimama mkabala na mimi, nikiinua macho ni uso wake ninaona, kwa hivyo siku hizi siinui macho. Nitamwita Idah, ingawa si jina lake.

Anti, tangu mvua za mwaka jana zianze tumbo langu limekuwa si tumbo tena, nilianza kuharisha nikasema ni maji ya ploti tunayopanga, nikaanza kuyachemsha, nikasema ni dagaa wa omena nikaacha omena, nikasema labda ni maziwa nikaanza kunywa chai ya rangi, halafu asubuhi moja nikatazama nikaona damu, si damu ya pailzi, yaani bawasiri, ile ya kudondoka kidogo, ni damu imechanganyika na kamasi na choo chenyewe, na kutoka siku hiyo nikawa sitazami, namwaga maji macho yamefungwa. Lakini ukifunga macho damu haikomi. Nilikonda mpaka sketi ya kanisa nikaishona upya, na mume wangu akaniuliza kama kuna kitu namficha, nikamwambia ni kazi ya kusimama.

Kazini ndiko kulikuwa kubaya zaidi kwa sababu choo kwetu kinaendewa kwa kadi. Ni kadi moja ya plastiki kwa kila mkanda, imetobolewa tundu, inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, ukienda unaibeba ukirudi unaitundika, na ukikuta msumari mtupu unangoja mwenzako arudi hata kama unakufa. Basi mimi nikawa ndiye mwenye kadi. Supavaiza wetu, Bwana Kilonzo, akaniambia mbele ya watu wote, "Mama, hiyo kadi tukuandikie jina lako kabisa?" Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, na hapo nilikuwa nimebana miguu najiambia Mungu wangu nisiaibike hapa.

Sasa nikuambie kinachonitia hofu. Mamangu alitoka damu hivi hivi huko kwetu Kimilili, nilikuwa msichana, wakasema amelishwa kitu, wakamzungusha kwa waombaji na kwa waganga, na hakuna hata siku moja mtu alimpima, mpaka akawa mwepesi hivi mimi mwenyewe namwinua kumpeleka choo, na tukamzika bila kujua ni ugonjwa gani. Kila nikiingia chooni namwona. Nilipoona damu yangu ya kwanza sikusema "ninaumwa", nilisema "woi, imenifikia".

Mwishowe nilienda Ruiru. Nilichagua Ruiru kwa sababu Thika kila mtu ananijua, na huko nikampata daktari mmoja mpole, nitamwita Daktari Mutie, akaniuliza maswali ya choo kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, hakukunja uso. Akaniambia anashuku vidonda vya utumbo mpana, vile vya kudumu, vinavyotulia na kurudi, lakini hataki kukisia. Akasema kuna kipimo cha choo kinachotafuta kitu kinaitwa kalprotektini, ni protini iliyo ndani ya seli nyeupe za damu, zile zinazopigania mwili, sasa hizo seli zikikimbilia kwenye utumbo zinaiacha hapo na inatoka na choo, kwa hivyo ikiwa nyingi tunajua ndani kumevimba, na ikiwa kidogo basi huenda tumbo linasumbua tu bila kidonda. "Choo chako kitatuambia ile kamera ya kutazama ndani ya utumbo tuiharakishe kiasi gani," akasema. Nikaitikia vizuri kabisa. Nikapewa kikopo nikipeleke nyumbani, nikirudishe na choo cha siku hiyo hiyo.

Nilipotoka nikapita dirisha la maabara kuuliza watafungua saa ngapi, na Anti, kijana aliye dirishani ni Muema, yule yule ambaye hufika kiwandani kwetu na sanduku la barafu kuchukua vikopo vya choo vya medikali, yaani vipimo vya wafanyakazi. Akanitazama. "Mama, si wewe ni wa makadamia?" Nikasema hapana, ni dada yangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo wengi wetu tunaoshika chakula kwa kazi tunalijua na hatulisemi. Kila baada ya miezi sita tunapimwa choo ndipo tupate cheti cha afya, na ukipatikana na amiba au taifodi unasimamishwa mpaka upone, na wengi wetu ni vibarua, ukisimama mwenzako amechukua nafasi. Kwa hivyo watu huombana. Na kwenye mkanda wetu anayeombwa ni Idah, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kufeli, tunamwita Mama Safi, siku ya medikali anakuja anatembea kama chifu, anasema "pangeni laini, msisukumane," na wanawake wanapanga laini kweli na vijiti vya mbao vya kuchotea mkononi, tunacheka mpaka tunalia. Mimi mwenyewe nimepita kwa choo cha Idah zaidi ya mara moja, na sijawahi kuona ni dhambi, niliona ni kama kuazimana chumvi.

Basi nilipofika nyumbani na kikopo cha Daktari Mutie, na nikimfikiria Muema atakavyopeleka habari kiwandani, na kejeli za Bwana Kilonzo, na mamangu, mkono ukaenda pale ulipozoea. Kesho yake nilimfuata Idah nikamwambia nilikosa siku ya medikali, anisaidie. Alicheka. "Wewe na hilo tumbo lako la kishamba! Lete kikopo." Akanirudishia kimefungwa vizuri ndani ya mfuko wa khaki, na jina langu juu. Nilikipeleka Ruiru siku hiyo hiyo nikiwa na moyo mwepesi, nikijua kitasema safi, daktari aniambie ni wasiwasi tu, anipe dawa ya kutuliza, na mimi niamini. Usiniulize nilidhani damu yangu itaenda wapi. Nilitaka tu mtu mwenye koti jeupe aniambie siendi kama mamangu.

Anti, majibu yalirudi yako juu. Daktari alinipigia simu mwenyewe akaniita, nikaenda, akanionyesha nambari yangu na nambari ya mtu wa kawaida, hazifanani hata kidogo, yangu imepita mara nyingi, akasema wametafuta viini pia na hakuna, kwa hivyo uvimbe uliopo ndani si mchezo, tufanye kamera upesi, na akanipa dawa za kuanza kumeza huku nikingoja. Alikuwa ananiongelesha polepole kama mtu wa msiba. Na mimi nimekaa pale najisikia nataka kucheka, nasema moyoni si changu hicho, si changu! Halafu kicheko kikakatika. Kama si changu ni cha Idah.

Tangu hapo sina amani. Nilianza kumwangalia na nikaona vitu ambavyo vilikuwa mbele yangu siku zote. Dasti-koti yake, lile koti letu la kazi, ameikaza kwa pini mgongoni. Haleti tena githeri ya mahindi na maharagwe, analeta mkate mkavu. Ananunua vidonge vya maumivu pale duka la getini, anasema ni goti. Na ile kadi, Anti, ile kadi niliyodhani ni mimi peke yangu ninayeisumbua, kumbe kila nikienda nikikuta msumari mtupu mwenye kadi ni yeye. Nilikuwa namkasirikia anachelewa.

Nilijaribu kumwambia. Wakati wa chakula nikamuuliza, "Idah, tumbo lako likoje?" Akajibu kwa sauti watu wote wasikie, "Langu? Mimi ndiye Mama Safi, uliza hao wenye wanaomba!" Wakaangua kicheko. Idah anaishi Theta, amejijengea nyumba ya mabati kwenye kiploti chake, yeye na binti yake Mitchell tu, hana mume wala ndugu huku, akianguka hakuna wa kumshika.

Na sasa ile ninayoogopa hata kuandika. Zile dawa nilizopewa sikuzimeza, kwa maana si za majibu yangu. Nikawaza, kama ni majibu ya Idah basi ni dawa za Idah. Nikasaga kidonge kimoja nikakifunga kwa karatasi, na kwa sababu dasti-koti zetu hazina mifuko nikakificha ndani ya soksi, nikiwa na nia ya kumtilia kwenye chai ya saa nne, apone bila kujua, na mimi nisiseme lolote kwa yeyote. Ilipofika saa nne Idah mwenyewe akaniwekea kikombe chake mkononi, "nishikie, naenda mara moja," akachukua kadi akaenda karibu anakimbia. Nilibaki nimeshika chai yake. Nilihisi ile karatasi kwenye kifundo cha mguu kama kaa la moto. Alikawia sana. Chai ikapoa mkononi mwangu na sikuweza, aliporudi midomo yake ilikuwa imekauka, akanywa ile chai baridi na kusema asante. Nilienda nikamwaga unga wote kwenye mtaro.

Nikisema ukweli, daktari atanifukuza, kiwanda kitajua cheti changu ni cha uongo, wanawake wote wa mkanda wataingia shidani kwa sababu yangu, na Idah atajua kwamba nilimdanganya na kwamba yeye si Safi. Nikinyamaza, yeye anaumwa na mimi ninatoka damu, na kamera inakuja, nitalala pale daktari akitafuta kwangu kitu alichokiona kwa mwingine. Naomba uniambie jambo moja: je, siwezi kumwambia tu aende hospitali, bila kumwambia nimejuaje?

Ni mimi, mwenye hofu, Kamenu.

ANTI TAUSI ANAJIBU

Mwanangu wa Kamenu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale wanawake wanapopanga laini na vijiti, Mungu anisamehe. Mara ya pili nilifika kwenye kile kikombe cha chai na nikaweka miwani chini.

Nimewajibu wezi wa kila aina kwenye safu hii, wa waume, wa mipaka ya shamba, hata mmoja aliyeiba keki ya harusi, lakini mwizi wa choo wewe ni wa kwanza. Na nasema mwizi kwa sababu mara hii hukuomba kwa ukweli. Ulidanganya. Zile nyingine Idah alijua anachotoa na kwa nini, ubaya huo ni wenu wote na nitaufikia. Hii hakujua.

Tuanze na hiyo chai. Ashukuriwe Mungu mkono wako ulikuwa na akili kuliko kichwa. Hujui Idah anaugua nini. Hujui kama ana presha, ana sukari, au ana mimba. Dawa za kushusha uvimbe wa utumbo si peremende, kuna zinazopunguza nguvu ya mwili kupigana na maradhi, kuna zinazopandisha sukari, na kuna zisizotakiwa kusagwa kabisa. Ungemtilia leo akaanguka kesho, ungesema nini kwa Mitchell? Hizo zilizobaki zirudishe kwa daktari. Zote. Usimpe mtu, na wewe mwenyewe usimeze hata moja.

Sasa sikiliza, maana nimempigia simu daktari wa matumbo nikamweleza kisa chako bila jina wala kiwanda, naye hakucheka hata kidogo. Kwanza, mnachanganya vipimo viwili. Choo cha medikali kinatafutwa viini na mayai ya minyoo, vitu ambavyo unaweza kumwambukiza anayekula hizo njugu. Basi. Hakitafuti uvimbe. Idah amekuwa akipita miaka yote kwa sababu hana viini, na ninyi mkamvika jina la Mama Safi mkadhani tumbo lake ni la chuma, hata yeye mwenyewe akaamini. Unaweza kupita medikali asubuhi na utumbo wako una vidonda mchana huo huo.

Pili, hicho kipimo cha Daktari Mutie kinasema kuna uvimbe. Hakisemi umetoka wapi. Inaweza kuwa vidonda vya kudumu kama anavyoshuku kwako. Inaweza kuwa hivyo vidonge vya goti, daktari ameniambia vidonge vya maumivu vikizoewa vinakwaruza utumbo na kupandisha kipimo vyenyewe tu. Inaweza kuwa kitu kingine kinachohitaji kuonwa kwa kamera kabla hakijakua. Kwa hivyo usimwendee Idah kama nabii ukamtajia ugonjwa. Wewe hujui. Mimi sijui. Hata Daktari Mutie hajui, maana yeye anadhani mgonjwa ni wewe.

Tatu, na hapa nisikilize sana, wewe bado unatoka damu. Umeshughulika na choo cha Idah mpaka umesahau chako. Choo chako wewe hakijapimwa hata siku moja! Unaogopa kufa kama mamako, lakini hebu soma barua yako mwenyewe. Mamako hakupimwa. Walimzungusha kila mahali isipokuwa pale penye darubini. Na wewe, mwenye simu, mwenye daktari mpole, mwenye kikopo mkononi, ukaenda kufanya yale yale waliyomfanyia yeye, ukakwepa kipimo. Nimekuonea huruma kweli, mwanangu, nikimfikiria yule msichana anayembeba mama yake kwenda choo. Lakini huyo msichana alitaka nini? Alitaka mtu apime.

Haya, kazi iko hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, mpigie Daktari Mutie umwambie sentensi moja: "Daktari, kile choo hakikuwa changu." Usianze kumweleza mkanda na kadi na Muema kwenye simu. Hiyo sentensi inatosha kumzuia asikutibu kwa mwili wa mtu mwingine. Hatakufukuza. Atakukaripia, na umestahili, halafu atakupa kikopo kingine. Hicho utakijaza wewe, chako, damu na kamasi yote, usikionee haya, usichanganye na mkojo wala maji ya choo, ukipeleke siku hiyo hiyo. Mtajie kila unachomeza, hata kama ni cha dukani. Mwambie habari ya mamako pia, maana anahitaji kuijua. Akisema kamera, ni kamera. Wanakunywesha dawa ya kusafisha tumbo, inachosha, kisha inaisha.

Kuhusu Muema, majibu yako ni yako. Hana ruhusa kuyapeleka kiwandani wala kuyanong'ona getini, na daktari anaweza kumkumbusha hilo mbele yako ukimwomba. Bwana Kilonzo naye mwambie unaumwa, unatibiwa, na umpelekee barua ya daktari ya kupumzika. Usishike chakula cha watu huku unaharisha mpaka ijulikane ni nini. Kama ni vidonda hivyo, haviambukizi, utarudi kwenye mkanda wako na daktari ataandika hivyo. Kama ni viini, basi umewalinda watu. Najua kibarua akikaa nyumbani sufuria inajua. Mwambie mumeo ukweli, mbebe mzigo huu pamoja, umemchosha bure na hizo hadithi za kusimama.

Na ninyi wa mkanda, ninyi nyote mnaosoma hapa mkijifanya si ninyi, hiyo biashara ya vijiti ikome. Mtu ananunua njugu Nairobi anamlisha mtoto, akiamini mikono iliyozishika imepimwa. Na wenyewe mnazeeka na amiba tumboni kwa sababu mnapita kila miezi sita kwa tumbo la mtu. Ukipatikana na amiba unatibiwa ndani ya siku chache. Ombeni kiwanda kiwaweke kwenye kazi nyingine siku hizo, semeni kwa pamoja, hamkosi midomo.

Sasa swali lako. Unataka kumwambia aende hospitali bila kumwambia umejuaje. Hapana. Umeshamjaribu, ukamuuliza tumbo likoje, akakugeuza kichekesho mbele ya watu. Ukimwambia "nenda upimwe" atakuambia ni asidi tu tumboni, ataongeza kidonge cha goti, na atarudi kwenye mkanda. Mwanamke anayeitwa Mama Safi haendi kupimwa choo kwa maneno ya mwenye tumbo la kishamba. Kitu pekee kitakachomtoa Theta kumpeleka Ruiru ni kile unachotaka kumficha. Tena daktari akimwona atahitaji kujua kwamba kipimo kimoja kimeshafanywa na kimesema nini.

Unaogopa utampoteza. Huenda. Huenda akakaa miezi bila kukusemesha, na utasimama mkabala naye njugu zikipita kati yenu, na utavumilia. Afadhali akuchukie akiwa mzima.

Kwa hivyo kabla hujaenda hiyo likizo ya ugonjwa, fanya hivi. Utafika pale mlangoni na utakuta msumari mtupu. Usingoje kadi. Mfuate. Simama nje mpaka atoke, mwache anawe mikono, kisha umwambie ukimtazama: "Idah, nilikudanganya. Kile kikopo hakikuwa cha medikali. Daktari amekipima, na kuna uvimbe ndani ya tumbo lako." Halafu, kabla hajafungua mdomo kukutukana, mwambie lile ambalo hujamwambia mtu yeyote, kwamba na wewe unatoka damu. Mwambie unaenda Ruiru na ungependa mwende wote.

Atasema nini sijui. Lakini fikiria siku ile alivyokuachia kikombe chake akakimbia, akarudi midomo imekauka, akakushukuru. Daktari aliyekuita ukae chini, aliyekusemesha polepole kama mtu wa msiba, hakuwa akisema na wewe. Alikuwa akisema na Idah. Na Idah bado hajasikia.

Anti Tausi, Majengo, Thika